Chemchemi Mbili na Jiko Moja

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana simu zilikuwepo ingawa mtandao ulipatikana kilimani tu, tarafa moja ya milimani ilifanya maonyesho ya sayansi. Zawadi ilikuwa moja: nafasi ya bweni katika shule ya sayansi, kila kitu bure mpaka kidato cha sita. Waliofika fainali walikuwa watatu, na kwao wote, kukosa nafasi ile kulikuwa ndio mwisho wa shule.

Jaji wa kwanza, mwenye neno la mwisho, alikuwa Mwalimu Zaina wa fizikia. Wa pili alikuwa Bwana Kimea, afisa kilimo, aliyegawa miche ya mikaratusi katika kampeni ya mkuu wa wilaya ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Mgeni rasmi alikuwa mkuu wa wilaya huyo huyo. Mwalimu Zaina aliuliza kama wilaya nzima haina jaji mwingine. Akaambiwa wengine wako semina.

Meza ya kwanza, Mkunde. Miezi kumi na moja, kila asubuhi, alikinga ndoo kwenye chemchemi iliyo chini ya mikaratusi, akahesabu sekunde. Mwanzoni ndoo ilijaa kwa sekunde arobaini. Mwishoni, dakika mbili. Akaandika kwa wino mwekundu: MITI YA KAMPENI INAKUNYWA MAJI YETU.

"Umepima chemchemi isiyo na mikaratusi?" Kimea akauliza.

"Hapana."

"Na mvua mwaka huu zilikuwa haba. Utajuaje kama ni miti na si ukame?"

Kilichomkera Mwalimu Zaina ni kwamba swali lilikuwa sahihi. Na alijua Kimea asingeliuliza kama wino ule mwekundu ungeisifu miche yake.

Meza ya pili, Hizza. Yeye alipima chemchemi mbili, ya mikaratusini na ya msitu wa asili. Lakini katikati ya ubao wake, juu ya grafu, alibandika picha kubwa ya mkuu wa wilaya.

"Hii inafanya nini hapa?" Mwalimu Zaina akauliza.

"Inapamba, madamu."

"Ibandue."

Akaibandua. Chemchemi zote zilipungua, ila ya mikaratusini ilipungua mara tatu zaidi. Kwenye hitimisho Hizza aliandika: Utafiti unaendelea.

"Jibu unalijua, Hizza?"

"Ninalijua."

"Mbona hukuliandika?"

"Baba ni mtendaji wa kijiji. Mkuu wa wilaya ndiye bosi wake. Ungekuwa wewe, madamu, ungeandika?"



Meza ya tatu, Nakijwa. Jiko lake la udongo lilichemsha maharage kwa nusu ya kuni. Alirudia jaribio mara sita, akapima kuni kwa mizani kila mara. Kosa halikuonekana.

"Na nyie si mnateka pale pale chemchemini? Mbona hukuchunguza maji?" Mwalimu Zaina akamuuliza.

"Mama alisema niachane na ugomvi wa watu. Na mimi nilitaka kushinda."

Kimea akacheka. "Huyu ndiye mwenye akili."

Mwalimu Zaina akawaita wote watatu. "Kila mtu sentensi moja. Kwa nini nikupe wewe?"

"Mimi nilisema nilichokiona," akasema Mkunde.

"Mimi nilipima sawasawa kuliko wote," akasema Hizza.

"Mimi sikukosea na sikuficha," akasema Nakijwa.

Wakatoka. Kimea akasukuma fomu mezani, jina la Nakijwa limeshaandikwa kwa penseli. "Saini, mwalimu. Hakuna atakayenuna."

"Hiyo si sababu."

"Basi toa yako. Umpe aliyepayuka au aliyeogopa?"

Hapo ndipo hasira zilipompanda. Akimpa Mkunde, watoto watajua kwamba kupima nusu kunatosha mradi upige kelele. Akimpa Hizza, watajua kwamba ukweli unaweza kufunikwa kwa picha na bado ukazawadiwa. Akimpa Nakijwa, nani tena atapeleka ndoo chemchemini? Akachukua kifutio, akafuta penseli ya Kimea. Nje kipaza sauti kilikuwa kinamkaribisha mgeni rasmi atangaze mshindi.

Sasa ninyi mliosikiliza, msiniambie wagawane, maana kitanda bwenini ni kimoja. Je, Mwalimu Zaina aandike jina la nani?