Kwa Nini Mstari Laini Mmoja Hautoshi

Kabla hesabu hazijaandikwa popote, mistari waliishi kama watu, na chini ya kila mmoja palikuwa na ardhi yake. Kila msimu ardhi yote ilijumlishwa, kisha watoto wakagawiwa sawasawa. Asiyepata sehemu alihama, na aliyehama hakurudi.

Ndiyo maana mgeni mwenye ardhi isiyo na mwisho hakuruhusiwa kuingia. Waliopima walikuwa mistari laini, wale wasio na kona wala mpasuko, wanaoinuka taratibu kutoka sifuri na kurudi sifuri taratibu. Mpimaji alijilaza sambamba na mgeni, kimo chake kikazidishwa kwa cha mgeni kila mahali, kisha ardhi iliyopatikana ikajumlishwa. Jumla ikikoma, mgeni alipokewa.

Lakini aliyepima alikuwa mmoja wao, Bi Nyororo, peke yake. Wenzake walisema wana kazi nyumbani.

Miongoni mwa waliokwisha kupokewa alikuwamo Kilele, mstari uliopanda juu bila kikomo mahali pamoja, ila hapo alikuwa mwembamba mno, na ardhi yake ilikuwa na mwisho. Alikuwa na binti mmoja, Chembe, aliyengojea sehemu yake. Kisha akaja mgeni, Mzee Mnara, ambaye naye alipanda bila kikomo, tena kwa unene, hata ardhi yake haikuwa na mwisho. Mzee huyo alipopokewa, Kilele alishangaa, akanyamaza. Alikuwa na mtoto wa kumfikiria.

Msimu ulipofika, walijumlisha wakachoka. Ardhi ya Mzee Mnara ilizidi kuongezeka tu. Jumla haikupatikana, na hakuna mtoto aliyegawiwa kitu. Chembe akafunga mzigo wake pamoja na wenzake, wakaondoka.

Kilele akamwendea Bi Nyororo. "Shangazi, yule mzee ulimpima wapi?"

"Kote, mwanangu."

"Hata penye ncha?"

"Pale nilishuka hadi sifuri, na ardhi yake ya hapo ikawa sifuri. Wewe ungeikalia ncha ile?"

"Na mimi je?"

"Na wewe vilevile. Mbona hukulalamika ulipopita?"



Mzee Mnara alifukuzwa. Na tangu siku hiyo, mstari wenye ncha hupimwa na mistari laini wote, mmoja baada ya mwingine, pamoja na wale wasioshuka hadi sifuri palepale penye ncha. Jumla ya mmoja tu ikikataa kukoma, mgeni anarudishwa. Sheria ni nzuri, na wenyewe wanajivunia.

Wa kwanza kupimwa hivyo alikuwa Kilele. Alifaulu kwa wote. Wakampa mkono wa pongezi, akaenda nyumbani kupika chakula cha mtu mmoja.