Alama Nyekundu kwenye Banda la Mkaa

Wapendwa, wekeni vitabu chini kidogo, niwapeleke kwenye mji mmoja mdogo. Msiutafute kwenye ramani, nimeujenga mwenyewe leo asubuhi nikiwa navaa viatu. Lakini watu wake mtawatambua.

Katika mji huo kulikuwa na mtendaji wa mtaa mmoja, mchapakazi, shati lake limenyooka hata siku ya mvua. Nyumbani aliishi na mama yake mzazi na binti zake wawili wadogo. Mke wake alikuwa amekwenda kwao kujifungua, kwa hiyo jiko lote lilikuwa mikononi mwa bibi.

Basi kipindupindu kikaingia mjini. Siku ya kwanza wakaugua watu wawili, siku ya tatu wakawa tisa, na Jumatatu ikafika barua kutoka wilayani, ina muhuri. Shughuli zote zisizo muhimu zifungwe, zilizo muhimu ziendelee. Kwa mfano, ikasema barua, chakula, maji, dawa na ulinzi. Mengineyo mtendaji atumie busara.

Hapo kwenye busara ndipo alipokwama. Ninyi mngefanyaje? Alichukua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto muhimu, kulia si muhimu. Duka la dawa, kushoto. Duka la unga, kushoto. Ofisi ya mtendaji, kushoto, tena akaiandika juu kabisa. Meza za pool, kulia. Kinyozi, kulia. Hajamaliza kuandika, kinyozi huyo mlangoni.

"Mheshimiwa, na wewe Jumamosi utanyolewa na nani?"

Mtendaji akajishika kichwa. Akamfuta kinyozi kulia, akamhamishia kushoto. Haikupita nusu saa wakaja akina mama wa saluni, wanataka kujua vichwa vya wanaume vina umuhimu gani ambao vyao havina. Akamrudisha kinyozi kulia. Mwenye baa akaja na hoja kwamba pombe kali inaua vijidudu vya tumbo. Fundi cherehani akauliza, je, sanda si nguo? Na muuza majeneza! Kumfungia ni ajabu, kumwachia ni kama kuualika msiba. Mtendaji alimwandika kwa penseli.

Na kanisa je? Mnacheka. Kanisa liliandikwa kushoto, likafutwa, likaandikwa kulia, likafutwa, mpaka karatasi ikatoboka. Hata mimi sijui tuliishia upande gani.

Saa saba akaenda nyumbani kula, kichwa kinamzunguka, hajui tena kipi ni kipi. Mama yake akamwekea chakula, akamwambia, "Mwanangu, mkaa umebaki wa kupikia mara moja tu."

"Mama, niache kwanza. Hapa nilipo natafuta mambo muhimu."

"Haya, baba. Mimi nimekuambia tu."

Akarudi ofisini, akaendelea na orodha yake, akafika kwenye banda la mkaa. Ni banda moja tu, ambalo mtaa mzima ulikuwa unakwenda na makopo yake kupimiwa. Akafikiri: mkaa si chakula, hakuna anayeula. Si maji. Si dawa. Si ulinzi. Kulia! Alifurahi, wapendwa. Siku nzima ile, hii ndiyo mara ya kwanza kalamu yake haikurudi nyuma.

Akachukua kopo la rangi na brashi, akazunguka mtaani. Kila palipoandikwa kulia, akapiga X nyekundu mlangoni. Yeye kichwani mwake ilikuwa na maana moja tu, hapa pafungwe. Lakini niambieni ninyi mnaokaa kandokando ya barabara kuu: ukiamka ukakuta X nyekundu kwenye nyumba yako, unaelewa nini? Bomoabomoa! Barabara inakuja, pisha.

Fundi cherehani akapanda juu ya paa kung'oa mabati yake. Muuza majeneza, ambaye naye mwishowe alikula X, alianza kubeba mlango. Mama muuza mkaa yeye hakupanda popote. Alimfuata mtendaji huku analia, kanga imemdondoka begani.

"Baba, ndiyo basi? Nihame lini?"

Mtendaji hata hakugeuka, alikuwa anapaka mlango mwingine. Alisikia tu "lini".

"Leo leo, mama. Jioni pasionekane mtu hapa."

Mama wa watu akatafuta guta mbili, akapakia magunia yote, akayapeleka kwa kaka yake kijijini, ng'ambo ya mto. Mchana ule ule banda likabaki tupu.

Jumanne akaja bwana afya na mabango makubwa, herufi nyeusi kabisa: CHEMSHA MAJI YA KUNYWA. Mtendaji akayachukua ishirini, akayabandika kwa mkono wake. Milango iliyofungwa ilimfaa sana, kwa sababu hakuna mtu wa kuifungua akachana karatasi. Bango moja akalibandika kwenye banda la mkaa, chini ya ile X. Akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama limekaa sawa. Lilikuwa limekaa sawa.

Mchana akala wali uliopikwa kwa vipande vya boksi na mabua. Ulikuwa na moshi.

"Mwanangu, mkaa umeisha," mama yake akasema. "Nimekwenda pale bandani, hakuna mtu. Maji yaliyochemshwa yamebaki jagi moja."

"Nitamtuma mtu, mama."

Hakumtuma. Alikuwa na nia, msimwone mbaya. Lakini nje walikuwa wamejaa watu wanagombana, nusu wanauliza watafungua lini, nusu wanauliza watalipwa fidia lini, na yeye hakuelewa kabisa fidia ya nini. Jambo la jikoni likamtoka.

Jumatano mama yake hakusema kitu. Kuna wakati mtu akishasema mara mbili, anachoka. Lile jagi moja akaligawa kwa wajukuu zake, kikombe kwa kikombe, mpaka likakauka. Yeye mwenyewe akachota kwenye ndoo, akanywa.

Alhamisi asubuhi hakuweza kusimama.

Mtendaji akambeba mgongoni mpaka kwenye hema la wagonjwa, uwanja wa shule. Njiani alikuwa anasikia jinsi mama yake alivyo mwepesi, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Muuguzi akampokea, akamlaza, akamwekea dripu, kisha akageuka.

"Nyumbani mnachemsha maji?"

"Mabango nimebandika ishirini," akajibu yule bwana.

"Nani mwingine yuko nyumbani?"

"Wanangu. Wawili."

"Na hivi sasa tunavyoongea, wanakunywa nini?"

Alitoka mbio, shati limemtoka nje ya suruali. Akapita nyumbani, akaimwaga ile ndoo uani. Watoto wakamtazama bila kuelewa. Akawaambia, "Msinywe kitu mpaka nirudi," akakimbilia kwenye banda la mkaa. Akasukuma mlango. Ndani hapakuwa na gunia hata moja, ila vumbi jeusi na lile kopo la kupimia, limelala ubavu. Akatoka nje, akasimama mbele ya mlango, na hapo ndipo alipokisoma kile alichokiandika. Juu, X nyekundu, mkono wake. Chini, CHEMSHA MAJI YA KUNYWA, mkono wake. Akasoma tena, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kwa nini hakuona? Siku tatu alikuwa anatafuta lililo muhimu, na mara mbili alikuwa ameambiwa, kwa sauti ya kawaida, mbele ya sahani yake mwenyewe.

Unajua alifanya nini? Alikwenda kwenye ile ofisi aliyoiandika juu kabisa upande wa kushoto, akalitoa benchi la kukalia wananchi, akaomba shoka, akalipasua. Mbao akazibeba kichwani mpaka nyumbani, akawasha moto uani, akateleka sufuria kubwa kuliko zote. Majirani walipoona moshi wakaja na ndoo zao. Hakuna aliyeuliza kama inaruhusiwa.

Mnataka kujua kama mama alipona. Alipona. Siku ya sita alirudi nyumbani kwa miguu yake, akawakuta wajukuu zake wazima. Lakini watu wawili wa mtaa ule hawakupona, na waliokwenda kuhani walikuta jiko la baridi, lina majivu ya wiki iliyopita.

Sasa sisi. Tunamwomba Mungu atuonyeshe lililo muhimu. Tunafunga, tunakesha, tunaitisha vikao, tunapiga mistari katikati ya ukurasa. Halafu jibu linakuja limevaa kanga, limeshika mwiko, linasema kitu kidogo tu, nasi tunaliambia lisubiri kwa sababu tuko kwenye kazi muhimu. Mimi ni wa kwanza. Juzi mke wangu alinieleza jambo mara mbili, na ninavyosimama hapa nimekumbuka ni mara mbili lakini sikumbuki ni jambo gani. Naona haya kuwaambia, lakini ndivyo ilivyo.

Na wewe? Nani amekuambia jambo moja kwa mara ya pili wiki hii? Unamsubiri aseme mara ya tatu? Yule mama hakuisema ya tatu.

Ukifika nyumbani mchana huu, kabla hujavua viatu, pita jikoni. Uliza, "Nini kimeisha?" Ukishauliza, usijibu. Kaa chini, usikilize mpaka amalize.