Muumba wa Udongo Mweusi

Kuna swali moja, wanangu, nimelizungusha kichwani miaka mingi na bado limenishinda: kama Muumba aliumba viumbe kwa mfano wake, mfano huo ni wa nani kati yetu? Labda nyinyi mtajua. Mimi najua kisa chake tu.

Kale ya kale, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia nyua zao, ulikuja ukame. Mto ukakauka, kikabaki kidimbwi kimoja chini ya mwamba. Tembo, Simba na Kiboko wakafanya kikao, wakaamua kwamba anayefanana na Muumba ndiye atangulie kunywa. Kwa kuwa hawakukubaliana ni yupi, walitangulia wote watatu. Wadogo wakija, wanakuta tope.

Bi Pimbi alikuwa na watoto wawili, ndimi zimewakauka hata kulia hawawezi. Akaenda nao kuomba walau kikombe kimoja, akawakuta wakubwa wakibishana. Tembo alishikilia kwamba Muumba ana mkonga, la sivyo nyota zile angezipachikaje kule juu? Simba akauliza radi ni ngurumo ya nani. Kiboko, mdomo umejaa maji, alisema kabla ya yote palikuwa na maji, na mwenyeji wa majini anajulikana.

"Shikamooni, wakubwa zangu," alisema Bi Pimbi.

"Marahaba," Simba alimjibu. "Na Muumba wako wewe yukoje? Naye hana mkia?"

Wakacheka, kwa-kwa-kwa. Bi Pimbi akacheka nao, ingawa koo lilimwuma. Alikuwa mfinyanzi, na alijua kwamba pale kwenye kona ya mto, chini ya mchanga, udongo mweusi haukauki hata kiangazi. Ila mikono yake ilikuwa mifupi mno kuchimba hadi chini kabisa.

"Mfinyangeni basi, tumwone," alisema. "Lakini kwetu wafinyanzi udongo hauombwi kwa jirani, kila mtu huchimba wake. Na Muumba hawezi kuwa mdogo kuliko anayemfinyanga, au vipi?"

"Hawezi," walijibu wote kwa pamoja.

Basi wakaenda kwenye kona, wakachimba. Tembo kwa pembe, Simba kwa makucha, Kiboko kwa domo lake. Sanamu zikaanza kusimama ukingoni. Simba alipoona ya Tembo imeipita yake, alirudi shimoni kuongeza mabega. Tembo naye akarudi kutafuta udongo wa masikio. Bi Pimbi alizunguka akikagua, akimwambia Kiboko kwa upole kwamba Muumba wake ana kifua cha mgonjwa, na Kiboko akazama tena shimoni akihema.

Alasiri shimo lilikuwa limemmeza Tembo hadi masikioni. Akang'oa bonge moja la mwisho.

Bubu-bubu-bubu! Maji yakabubujika. Wakubwa wakatoka mbio, wanasukumana, na maji nyuma yao yakapanda hadi ukingoni, yakazilamba sanamu miguu. Mkonga ukaanguka, chubwi. Mabega yakafuata, kisha kile kifua. Vyote vikayeyuka vikawa tope moja, wala Tembo mwenyewe hakuweza kusema lipi ni lake.

Watoto wa Bi Pimbi walikuwa wameshaingia majini hadi kidevuni, wanakunywa.

"Wewe hukufinyanga," Tembo alisema taratibu. "Muumba wako hatujamwona."

"Ningemfinyanga saa ngapi, Bwana Tembo? Nilikuwa na kiu."

Kiboko ndiye aliyeanza kucheka, tumbo likitikisika, mpaka Simba naye akashindwa kujizuia.

Kikao kikafanyika palepale, miguu majini. Anayedai kufanana na Muumba, amnyweshe kwanza mwenye kiu: hilo ndilo lililoamuliwa. Na aliyelitekeleza wa kwanza ni Tembo, aliyejaza mkonga wake maji, akampelekea Kobe aliyekuwa bado njiani.