Ng'ombe wa Makala Iliyogoma Kufungiwa

Sogeeni mnisikilize, na anayependa kubisha abishe, maana hadithi hii haitaki watu wa kuitikia tu.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Kokushubila, wenyewe walimwita Koku, mtafiti wa magonjwa ya mimea katika chuo kidogo cha kilimo huko Kagera. Kipaji chake kilikuwa jicho: alipita kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, akautambua mgomba mgonjwa kabla mwenyewe hajashtuka. Wa pili ni Rwechungura, fundi wa kompyuta wa chuo hichohicho. Huyo alikuwa na mkono; mashine iliyokwisha kuzikwa, akiigusa inafufuka. Wa tatu ni Profesa Nakitende wa ng'ambo ya mpaka, Uganda, ambaye kipaji chake kiliwachosha wengi. Alijua kuuliza.

Siku hizo mnyauko ulikuwa umeingia. Majani ya migomba yaligeuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya wakati na kuoza kwa ndani, na shina ukilikata linatoa usaha. Mama yake Koku aling'oa migomba aliyoikuta siku alipoletwa pale akiwa bibi harusi, akapanda mihogo huku analia. Koku alimwona. Akaapa kwamba ugonjwa ule atausaka mpaka aujue unapopita.

Alizunguka vibanja msimu baada ya msimu, akaandika makala, akaituma kwa jarida kubwa la Ulaya. Ndivyo ilivyokuwa desturi: msomi asiyetokea kwenye majarida yale alihesabiwa kama hajaandika kitu. Jarida likaikubali. Chuo kizima kikampongeza.

Kisha ikaja hati ya kusaini. Ilisema makala itakuwa mali ya jarida, naye hataruhusiwa kuiweka mahali pengine popote. Koku akaenda maktaba kuuliza kama chuo kinalipata jarida lile. Mkutubi akacheka, cheko lisilo na furaha.

"Zamani, Dokta, majarida yalikuja kwa posta. Yalichelewa, panya walitangulia kuyasoma, lakini yakishafika ni yetu. Mtandao ulipoingia tulishangilia! Sasa yanafika papo hapo, ila yamefungwa kwa kufuli, na ufunguo wake chuo hiki hakiumudu. Hata hiyo yako ikitoka, hapa hatutaifungua."

Koku akatoka pale na hasira zake. Akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Chuo.

"Saini," Mkuu akamwambia. "Uprofesa unakuita."

"Na kijijini kwa mama yangu wataisomea wapi?"

"Mama yako si msomaji wa majarida."

"Bwana shamba wake ni msomaji, Mkuu. Migomba ni yetu, ugonjwa ni wetu, jasho ni langu. Halafu maarifa yakawekwe kizuizini ng'ambo? Sisaini."

Hakusaini. Uprofesa akapewa mwingine, na wenzake waliompongeza wakaanza kumpita kwenye veranda bila salamu.

Rwechungura alimkuta amekaa peke yake, kompyuta imezimwa mbele yake.

"Dokta," akasema, "hivi jarida ni nini? Si watu wa kuandika, watu wa kuhakiki, na mahali pa kusomea? Mahali nitajenga mimi."

Akaokota kompyuta iliyotupwa stoo, akaijenga tovuti kwa programu za bure, nyepesi kiasi kwamba hata simu yenye kioo kilichopasuka ingeifungua. Hapakuwa na nywila wala malipo. Mkuu aliposikia, alikuja juu.

"Zima! Chuo hakitachekwa kwa gazeti la uchochoroni. La sivyo nitakuhamishia ghala la mbolea."

"Nihamishe, Mkuu," Rwechungura akajibu. "Lakini kuizima, izime kwa mkono wako mwenyewe."

Mkuu aliitazama mashine, asijue pa kubonyeza. Rwechungura akahamishiwa ghalani kweli, na akiwa juu ya magunia aliendelea kuihudumia tovuti ile kwa simu yake, nguo zikinuka mbolea.

Lakini makala isiyohakikiwa ni porojo, hata ikiandikwa na daktari. Koku akaiweka rasimu kwenye tovuti, akamwomba aihakiki Profesa Nakitende, ambaye wakati huo alikuwa mhariri katika lilelile jarida la Ulaya. Wahakiki wa huko hujificha. Hujui nani kakusifu wala nani kakuponda. Nakitende aliandika jina lake kwenye tovuti, mbele ya macho ya watu wote, na chini yake akaweka swali: "Unasema wadudu ndio wanaoeneza. Mbona vibanja viwili vinapakana, wadudu ni walewale, kimoja kimekufa na kingine kizima? Vinapogolewa na nani?"

Koku alihisi kama amevuliwa nguo sokoni. Akampigia simu.

"Jarida kubwa liliikubali bila neno! Wewe unanirudisha nyuma hadharani?"

"Waliikubali kwa sababu hawali matoke yako," Nakitende akasema. "Mimi nayala. Nenda kaangalie tena."

Koku akanuna, akalaani, kisha akaenda. Na huko vibanjani akaona alichokuwa akikipita kila siku: majirani wakiazimana panga. Panga likitoka kwenye mgomba mgonjwa, linaingia kwenye mgomba mzima bila kusafishwa. Ikabidi afanye utafiti upya msimu mzima, na makala akaiandika upya.

Jarida la Ulaya nalo likamwambia Nakitende achague: ama wao, ama ile tovuti.

"Nimewahakikia bure miaka yote," akawajibu, "nanyi mkauza. Sasa nitawahakikia bure wasiouza." Akajiuzulu, na kiti alichokihangaikia nusu ya maisha yake kikakaliwa na mwingine.

Makala ikatoka. Bwana shamba mmoja wa Karagwe aliifungua kwenye simu, akawasomea wakulima wa kikundi kilichoongozwa na Mama Justa, kwa lugha ya nyumbani. Tangu siku hiyo kila panga likapitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ua la kiume likavunjwa kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa kwa panga. Mnyauko ukapungua, halafu ukasimama. Vijiji vya jirani vikaiga.

Ndipo Mama Justa na wenzake wakafika chuoni, wakiimba, wakiongoza mtamba mwenye pembe ndefu.

"Huyu ni wa aliyetuokoa," akasema. "Mtu mmoja. Hachinjwi, hauzwi, wala halishwi kwa zamu. Ng'ombe wa heshima ana boma moja."

Mkuu wa Chuo akanyoosha mkono. "Kwa niaba ya chuo..."

"Waitu, baba," Mama Justa akamkatiza kwa upole, kwa neno la heshima la kwao, "mkono huo ulikuwa wapi wakati ule?" Wakulima wakaangua kicheko. Mkono ukarudi mfukoni.

Watu wakamgeukia Koku, wakingoja aseme kiungwana, "Mpeni mwenzangu." Neno hilo lilimfika mdomoni. Akalimeza. Alikuwa amechoka kutoa vya kwake.

"Namtaka ng'ombe huyu," akasema. "Ningesaini, mngekuwa mnaomboleza migomba mpaka leo. Nilipoteza uprofesa."

"Ungekataa kusaini, kisha?" Rwechungura akauliza. "Makala ingekaa kwenye droo yako. Mimi niliwafungulia njia, nikalala na magunia. Namtaka."

Nakitende, aliyevuka mpaka asubuhi ileile, akacheka. "Yule aliandika, huyu akafungua njia. Lakini bila swali langu, njia hiyo ingewaletea uongo, nanyi mngefukuza wadudu huku mapanga yanaua. Kwa swali hilo nimepoteza kiti. Nami namtaka."

Hakuna aliyerudi nyuma. Wakulima wakagawanyika, wengine kwa huyu, wengine kwa yule, na Mama Justa akabaki ameshika kamba, anawatazama mmoja mmoja, ng'ombe akitafuna majani ya uwanja wa chuo bila wasiwasi.

Aliyekataa, aliyefungua, aliyeuliza. Haya, ninyi mliokaa hapa: kamba ile mngemkabidhi nani, na wale wawili mngewaambia nini usoni?