Umaima na Mama Aliyekataa Kumtoa Mwanawe

Wamesimulia watu wa kale, nasi tumepokea kwao, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemen aliishi mwanamke mchaji aliyeitwa Umaima binti Rabii, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka wa tauni alifiwa na mumewe na watoto wake wote watano ndani ya siku kumi na tisa. Yeye mwenyewe aliugua, akapona. Watu wakamwambia, "Mshukuru Mola wako kwa kukubakisha." Akashukuru kwa ulimi, lakini moyoni kila baada ya sala akawa anauliza: Ya Rabbi, umenibakisha kwa lipi? Hakujibiwa. Miaka minane akadumu hivyo, akisaga nafaka za watu kwa ujira wa unga, wala hakuna aliyemsikia akinung'unika.

Ikatokea mwanamke kijana aliyeitwa Lubaba, mke wa mfua shaba, akafiwa na mwanawe wa kwanza, mtoto wa miezi saba. Akamkumbatia kifuani, akakataa kumtoa. Siku ya kwanza ikapita, ikaja ya pili. Wazee wa ukoo wakamsomea aya za subira. Akaja fakihi wa mji, Muadh bin Zurara, akamsomea sura nzima na kumweleza malipo ya mwenye kusubiri. Lubaba alimtazama kama asiyemwona. Basi ndugu za mumewe wakaafikiana kumnyang'anya kwa nguvu, kwani maiti huharakishwa kaburini.

Umaima alikuwa amepeleka unga nyumba ya jirani. Aliposikia habari ile, aliutua unga pale pale. Akaenda akasimama mlangoni, akawaambia wanaume, "Nawaombeni kwa haki ya Mwenyezi Mungu, msimguse. Niachieni hadi adhuhuri."

Akaingia, akaketi sakafuni kando ya Lubaba. Hakusoma wala hakuusia. Aliuliza tu, "Anaitwa nani, mwanangu?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu jana. Lubaba akasema, "Yunus."

"Alipenda kulala vipi?"

"Ubavu wa kulia. Mkono wangu chini ya shavu lake."

Umaima akaitikia kwa kichwa. "Wangu wa mwisho alikuwa Hanzala. Nami nilimshika hivi hivi. Walinivunja vidole ndipo wakamtoa." Akamwonyesha mkono wake, vidole viwili vimepinda. "Hata leo sijui ni nani aliyemwosha, wala kama maji yalikuwa ya baridi."

Lubaba akageuka, na kwa mara ya kwanza machozi yakamtoka. "Mama, uliwezaje kuishi?"

"Sijui, mwanangu. Niliamka, nikasali, nikasaga. Kesho yake nikaamka tena." Kisha akasema kwa upole, "Hakuna atakayekunyang'anya Yunus. Lakini bado ana haki juu yako, nayo ni ya mwisho. Tumwoshe sisi wawili. Maji nitayapasha mwenyewe."

Lubaba akainama, akambusu mtoto, akamweka mikononi mwa Umaima.

Wakamwosha kwa maji ya vuguvugu yenye majani ya mkunazi, mama akishika kichwa, Umaima akimimina. Na alipokuwa akimimina, akaitazama mikono yake. Alitambua kuwa katika mji ule mzima hapakuwa na mikono mingine ambayo mtoto huyu angekabidhiwa. Walipokwisha kumvisha sanda, akajitenga pembeni, akasujudu, akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu mwaka wa tauni.

Muadh alikuwa akingoja uani. Alipomwona anatoka akamwuliza, "Ewe mama, umemsomea nini? Mimi nilisoma sura nzima, hakunisikia."

Akajibu, "Uliyomsomea ni haki tupu. Lakini mimi, Mola wangu alinisomesha miaka minane, wala sikujua kuwa nimo darasani."

Yasemekana fakihi aliinamisha kichwa. Tangu siku ile, kila nyumba iliyofikwa na msiba alimtanguliza Umaima, naye akifuata nyuma. Lubaba alipopata nguvu, akawa akiongozana nao.

Enyi ndugu, hatusemi kwamba uchungu wa Umaima uliondoka. Waliomjua wanasema aliwalilia wanawe hadi kufa kwake. Lakini alidumu mlangoni kwa Mola wake miaka yote ile bila kujua sababu, hata akajulishwa siku aliyoitaka Yeye. Nasi ambao hatujajulishwa bado, tumwombe atujaalie tusiondoke mlangoni.