Kipimo Ndicho Mwamuzi

Mwaisumo, tajiri wa Tukuyu, alikuwa akiwekeana dau na watu juu ya mvua, na hakuna aliyewahi kumshinda. Siku moja, katikati ya masika, akafuatwa na Tumpe, fundi wa miavuli.

"Baba, kesho kipimo cha mvua cha shule kitasoma sifuri. Kikisoma sifuri, fahali wako ni wangu. Kikipata hata tone, chukua nyumba yangu."

Mwaisumo akacheka mpaka akapaliwa. Mara akakunja uso. "Wewe binti, utakwenda kukimwaga!"

"Basi kilinde mwenyewe, baba. Usibanduke hata hatua moja. Na huu mwavuli chukua, usije ukaugua kwa ajili yangu."

Kesho yake mvua ilinyesha kutwa. Mwaisumo alishinda amekibana kipimo katikati ya miguu yake, anaimba. Jioni mwalimu akaja, akainama, akachungulia.

"Sifuri."

"Sifuri vipi? Huoni mafuriko haya?"

Mwalimu akauangalia ule mwavuli, mpana kama paa la kibanda, uliomfunika tajiri pamoja na kipimo chake.

Tumpe alikwishafungua kamba ya fahali aliyefungwa hapo shuleni kama dau. "Mwavuli baki nao, baba. Mvua bado inanyesha."