Bawa Moja Halipozi Mzinga

Bawa moja halipozi mzinga. Mmeyasikia maneno hayo leo kwa wachimba kisima, mkaja kuniuliza bawa na kisima wapi na wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka mmoja wa ukame, mtemi alizungushia chemchemi miiba ili ng'ombe wake wanywe kwanza. Wapo waliosahau, sisi hatujasahau. Watu walichota matope, kila nyumba ikajifungia na mtungi wake. Kalunde, mrina asali, alijifungia kuliko wote. Mumewe Masele alikuwa hoi kwa homa, mwili unawaka, naye alimpepea kwa ungo kutwa kucha. Jirani yake Nyamizi, mrina wa siku nyingi, alipokuja kumpokea ungo, alijibiwa kupitia ufa wa mlango kwamba mgonjwa hataki wageni. Kalunde alihofia midomo ya watu ingeyamaliza maji ya mumewe.

Adhuhuri moja akaona nyuki wamening'inia nje ya mzinga wake nyuma ya nyumba, kama ndevu. Warina wa kule wakiona hivyo husema nyuki wanahama. Asali ile ndiyo aliyoitegemea kumrudishia Masele nguvu. Akachuma majani aizibe njia yao. Nyamizi akamwona.

"Ukiziba unawaua, mwanangu."

"Wanahama, mama."

"Wa kuhama hawachoti maji. Tazama mlangoni."

Kalunde akatazama. Nyuki walikuwa wamejipanga, wamekaza miguu, wanapepea. Wengine waliingia na matone mdomoni. Aliyechoka alitoka, mwenzake akashika nafasi.

"Na hawa wa nje?"

"Wamewapisha wenzao, hewa ipite. Joto hili lingeyeyusha masega yote." Nyamizi akaushika mkono wa Kalunde, ule wa kupepea. "Huu wako nani kaupokea?"

Majani yakamdondoka Kalunde. Alikwenda kuufungua mlango wake.

Jioni ile wanawake wa jirani waliingia, wakapokezana ungo, kila mmoja na maji kidogo kibuyuni. Kalunde akalala, kichwa mapajani mwa Nyamizi. Alfajiri Masele akafumbua macho, jasho linamtoka, akauliza upepo huu wa leo ni wa nani, mbona hauchoki.

"Wa wengi," Kalunde akamwambia. "Bawa moja halipozi mzinga."

Na mikono ile, ikishazoea kupokezana, haikurudi kukunjwa. Ilikwenda pamoja kung'oa miiba ya mtemi. Sasa nendeni kwa wachimba kisima, na mwende na majembe. Bawa moja halipozi mzinga.